Glenda na Kontena la Taka la Tannery Row

Mimi na Glenda Sowerby hatukuwa marafiki. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani namsifia mtu wangu. Nimekaa namba kumi na moja, Tannery Row, miaka ishirini na sita, na kaka yake Neville yuko namba kumi na tatu, ukuta mmoja kati yetu. Miaka yote hiyo Glenda akija kumwona kaka yake alikuwa ananisalimia kwa kidevu. Anainua kidevu, anaifungia baiskeli yake kwenye bomba la maji ya mvua, anaingia ndani. Nami najibu kwa kidevu. Sisi watu wa Lincolnshire si wasemaji, lakini Glenda alikuwa anabana hata hayo machache tuliyo nayo.

Alianza kazi ya kukata kabichi shambani akiwa na miaka kumi na sita, katika ile baridi inayoganda kwenye majani mpaka kisu kinateleza. Baadaye akaingia kiwanda cha kufunga mboga, akakaa miaka thelathini na moja, akastaafu akiwa msimamizi wa watu arobaini. Aliwahi kuchumbiwa mara moja. Mchumba alisema Neville asije kwenye harusi na lile koti lake kuukuu, Glenda akamrudishia pete siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Huyo ndiye Glenda. Ukimgusa kaka yake umemgusa yeye.

Neville naye alikuwa fundi wa kila kitu. Redio, saa, birika za umeme, mashine za kukatia majani, chochote chenye skrubu. Nyumba yake ilijaa. Si kwamba ilikuwa na vitu vingi, hapana, ilijaa: mlango wa mbele ulifunguka nusu, na yeye mwenyewe alikuwa anapita ubavu ubavu. Tulimcheka. Mimi nilimcheka. Tulimwita Bwana Bohari.

Mwezi wa pili alianguka jikoni, akavunjika nyonga. Alianguka jioni akapatikana kesho yake mchana, Glenda alipomletea chakula. Alilala kwenye sakafu ya baridi kwa saa kumi na nane, mzee wa miaka sabini na minne. Wakampasua, wakamtia chuma, na baada ya wiki tano hospitali ikasema anaweza kurudi nyumbani kwa masharti matatu. La kwanza, kuwe na njia ya upana wa fremu yake ya kutembelea kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. La pili, kitanda kiwe chini, asipande ngazi. La tatu, awepo mtu mwenye ufunguo anayeweza kufika ndani ya dakika tano akiitwa. Ijumaa saa nne asubuhi wangekuja kukagua. Yasipotimia, kulikuwa na kitanda kinamsubiri katika nyumba ya wazee kule pwani.

Baba yao alipelekwa nyumba ya wazee. Alikaa siku kumi na tisa tu. Neville alisema waziwazi kwamba wakimpeleka yeye, hatakula, na Glenda alimwamini. Kwa hiyo tangu mwanzo tulijua wote mtaani kwamba wiki ile ilikuwa ya kufa na kupona. Nasema tulijua. Msije mkatuonea huruma kwamba hatukujua.

Glenda akakodi kontena la taka. Lile sanduku kubwa la chuma, la njano, halina kifuniko, lori linalishusha kwa minyororo, unalijaza, lori linarudi kulichukua. Nyumba zetu hazina uwanja mbele, mlango unafungukia njia ya waenda kwa miguu, basi kontena lazima likae barabarani, na likikaa barabarani lazima kibali cha halmashauri ya kaunti. Glenda aliomba kibali wiki tatu kabla. Kilikuja. Lakini kibali hakikuwekei nafasi, na kwetu nafasi ya kuegesha gari mtu huitetea kuliko mume.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilifungua pazia nikamwona amekaa katikati ya nafasi ile, barabarani, kwenye kiti cha kukunja, amevaa koti la mvua, chupa ya chai miguuni. Mvua inanyesha. Saa moja kasoro akatokea Pinchbeck wa namba tisa na gari lake la kazi. Pinchbeck ni fundi bomba, mtu mkubwa, mdomo mkubwa.

Akashusha kioo. "Glenda, mpenzi, umekaa barabarani."

"Najua nilipokaa."

"Nataka kuegesha."

"Egesha basi."

"Wewe si umekaa hapo?"

"Nimekaa."

Pinchbeck akabaki na injini inaunguruma. Glenda akajimiminia chai. Akainywa taratibu, na maji ya mvua yakidondokea kwenye kikombe. Mwishowe Pinchbeck akacheka, akasema, "Wewe mwanamke ulikosea kuzaliwa, ungezaliwa mti," akaenda kuegesha kule kanisani.

Saa mbili lori likafika. Dereva ni kijana anaitwa Dean, ana ndevu nyekundu na sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa. Akalishusha kontena, akaweka koni na taa, kisha akamkabidhi Glenda karatasi.

"Sheria ni chache, mama. Usizidishe ukingo. Usitie friji, godoro, tairi, rangi, wala kochi lolote la kitambaa, maana makochi siku hizi yanachomwa peke yake. Nikikuta kimoja tu, silinyanyui."

"Nimekusikia."

"Wote husema hivyo. Nakuja Jumatano kulibadilisha, nakuachia tupu."

Basi Glenda akaanza. Peke yake, na miaka sabini. Magazeti kwanza. Alikuwa anayatoa kwa toroli la Neville, anapandisha kwenye ubao, anamwaga, anarudi. Jumatatu yote, Jumanne asubuhi yote. Alikuwa amekata fimbo yenye upana sawasawa na ile fremu ya kutembelea, na kila baada ya saa moja anaishika kwa ubapa mbele ya tumbo lake anatembea nayo kutoka mlangoni kwenda ndani. Inapogonga, ndipo anapoendelea kuchimba. Hadi Jumanne mchana fimbo ilikuwa imefika mlango wa jikoni.

Nilijuaje? Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Sikutoka. Nilijiambia hapendi kusaidiwa, na ni kweli hapendi, lakini hiyo haikuwa sababu.

Sasa niwaeleze ugonjwa wetu. Kwetu kontena la taka likishushwa mtaani, watu wazima wenye akili zao hupagawa. Kila mtu anakumbuka ana kitu gereji. Adabu yake ni kwamba unamwendea mwenyewe unamuuliza, "Samahani, una kanafasi kidogo?" na yeye hata kama hataki, anajibu, "We tia tu." Nyote wawili mnajua hataki, na unatia. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini Glenda si mtu wa kuambiwa samahani. Ungemuuliza angekujibu hapana, na kwetu hapana ya waziwazi ni kitu ambacho mtu anakikumbuka miaka. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Jumanne saa nane mchana Glenda akapanda baiskeli kwenda hospitali, saa za kutazama wagonjwa. Hakuwa hata amekata kona. Wa kwanza kutoka alikuwa Pinchbeck na friji. Friji lile la juu chini, refu kama yeye. Kisha wale wa namba nne na godoro. Mtu akaja na matairi manne. Mchana kweupe, jamani, tukisaidiana kubeba kama siku ya kuhama. Nami nikakumbuka kochi langu la sebuleni, lile la kijani, limetoboka mkono. Pinchbeck akanishikia upande mmoja.

"Glenda hatajali?" nikamuuliza.

"Nafasi inakaa bure," Pinchbeck akasema.

"Kweli, inakaa bure," nikasema. Kwa kinywa changu.

Glenda akarudi saa kumi na nusu. Kontena lilikuwa limefurika, friji limesimama juu kabisa. Alishuka kwenye baiskeli akaliangalia. Akaingia ndani, akatoka na boksi, akatafuta pa kuliweka, hapakuwa na pa kuweka hata kikombe. Akarudi nalo ndani. Nikajisemea, basi, amemeza. Nikajisikia nafuu, Mungu anisamehe, nikaenda kupika.

Jumatano Dean akaja na kontena tupu kwenye lori. Hakuzima hata injini.

"Mama, nilikwambia."

"Si vyangu."

"Wote husema hivyo pia."

"Hujakosea," Glenda akasema. "Nikikitoa kila kisichotakiwa, na likawa sawa na ukingo, utarudi lini?"

Dean akakuna ndevu. Alikuwa na kazi mpaka Jumatatu, alisema. Glenda akamwangalia tu. Naapa, alimwangalia vile alivyokuwa akiwaangalia wale watu arobaini wa kiwandani.

"Kesho saa sita," Dean akasema. "Lakini sawa na ukingo, mama. Naweka ubao juu, naangalia."

"Njoo na ubao wako."

Lori lilipoondoka, Glenda alileta stuli ya jikoni akapanda ndani ya kontena. Akaanza kutoa. Godoro akalisukuma likaanguka barabarani. Matairi, moja moja, yakafuata. Friji na kochi akaviteremsha kwa ule ubao. Kisha akaenda na godoro mgongoni, mlango hadi mlango. "Hili lenu?" Si letu. Mlango wa pili. "Hili lenu?" Si letu, Glenda. Namba nne wakakana pia, lakini mtoto wao mdogo alikuwa mlangoni akasema, "Mama, hilo si langu lile nililokojolea?" Glenda akaliegemeza ukutani kwao akaondoka. Wale wa namba nne hawamsalimii mpaka leo, na yeye hana habari nao.

Katikati ya kazi hiyo akaingia ndani kupumzika, akakaa kama nusu saa. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amefika kwenye ukuta wa mbali wa chumba cha mbele, nyuma ya magazeti, na huko amekuta rafu kutoka chini mpaka darini, na kwenye rafu vitu vya watu, kila kimoja kimefungwa kikaratasi kwa uzi. Jina la mwenyewe, ugonjwa wa kitu, tarehe, na neno moja: Imepona. Tulikuwa tumempelekea Neville vitu vyetu kutengeneza kwa miaka thelathini, akavitengeneza, na hatukurudi kuvichukua. Tulikuwa tumeshanunua vipya. Yeye akatungojea.

Basi toroli likawa linabeba mizigo miwili, wa kwenye kontena na wa kwenye rafu. Akasimama mbele ya namba tisa, akagonga.

Pinchbeck akafungua na mkate mdomoni. Akaliona friji lake barabarani, na ratiba ya mpira yenye jina lake bado imebandikwa kwenye mlango wa friji.

"Lako," Glenda akasema.

"Ah, Glenda. Friji moja tu, mpenzi. Hebu tuwe wakweli." Alikuwa anatabasamu, akitazama kushoto na kulia aone nani anasikiliza, na sote tulikuwa tunasikiliza. "Nyumba yenyewe ya Neville si jalala tayari? Friji moja linaongeza nini?"

Glenda akainama kwenye toroli, akatoa mashine ya kukatia majani, akaiweka chini. Akasoma kikaratasi kwa sauti ya kiwandani, mtaa mzima ukasikia. "Pinchbeck. Mashine ya majani. Kabureta imeziba. Imepona. Mwezi wa sita, 2009."

Pinchbeck akaacha kutafuna.

"Kaka yangu hana jalala," Glenda akasema. "Ana stoo yenu."

Akaweka mguu juu ya mashine, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mtu akacheka upande wa pili. Akavuta mara ya tatu, mashine ikakohoa moshi wa bluu, ikanguruma, baada ya miaka yote hiyo, pale mlangoni kwa Pinchbeck, ikitetemeka yenyewe kwenye saruji. Glenda akaiacha inaunguruma akageuza toroli. 

Kisha akaja kwangu. Nilitamani kujificha, lakini utajificha wapi na mtu anakuja na kochi lako la kijani, amelikalisha kwenye toroli kama bibi harusi? Alijua ni langu. Alikuwa amelikalia siku ya mazishi ya Ted, mume wangu.

Akalishusha mlangoni.

"Glenda, nilidhani..."

"Hukudhani kitu, Ros. Uliona nafasi."

Kweli tupu.  Akanipa redio. Redio ndogo ya Ted, ya kahawia, aliyokuwa akisikilizia kriketi bafuni. Nilikuwa nimeisahau kabisa kwamba niliipeleka kwa Neville. Kikaratasi kilikuwa kimeandikwa kwa penseli: Ros. Redio ya Ted. Imepona. Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: Ted amefariki wiki hii. Nisimsumbue. Atakuja mwenyewe.

Miaka kumi na minne. Nilikaa kwenye lile kochi hapo hapo nje, watu wananiona, nikalia bila aibu. Sikulia kwa ajili ya Ted peke yake. Nililia kwa sababu kuna mtu aliyenifikiria upande wa pili wa ukuta wangu, na mimi nikamwita Bwana Bohari.

Glenda akanisubiri. Hakunishika bega, si mtu wa mabega. Nilipopunguza akasema, "Ukimaliza, kuna magazeti ya kubeba."

Nikavaa glavu za bustani nikaingia namba kumi na tatu, mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Tulifanya kazi mpaka mikono ikakataa kukunja.  Yeye anajaza, mimi nasukuma toroli. Mimi nimepika shuleni maisha yangu yote, watoto mia tatu kwa siku, nilidhani najua kuchoka. Jioni ile sikuweza kuinua mkono kuchana nywele.

Alhamisi asubuhi Pinchbeck akaja na gari lake bila kuitwa, uso ameuinamisha. Akapakia friji lake, matairi, godoro la wale wa namba nne na kochi langu, akavipeleka kituo cha taka cha kaunti mwenyewe. Aliporudi akasema, "Kitanda kiko juu?" Glenda akasema kiko juu. Pinchbeck akakishusha kwa vipande, akakifunga upya sebuleni, karibu na dirisha. Hakuomba msamaha, na Glenda hakuudai. Alimpa tu kikombe cha chai, na kwa Glenda hiyo ni hotuba.

Saa sita kamili Dean akafika. Akaweka ubao wake juu ya kontena, akapitisha jicho chini yake kutoka huku mpaka kule. Akapekuapekua pembeni.

"Mama," akasema, "miaka tisa nabeba makontena, sijaona mtu aliyewahi kulipunguza."

"Nyanyua basi," Glenda akasema.

Akanyanyua, akatuachia tupu, na hilo nalo tukalijaza kufika saa moja jioni. Glenda akachukua ile fimbo yake, akaishika kwa ubapa mbele ya tumbo, akatembea kutoka mlango wa mbele, akapita sebuleni, akapita jikoni, akatokea uwanja wa nyuma. Haikugusa kitu. Akarudi nayo. Haikugusa kitu. Akaivunja kwa goti akaitupa kwenye kontena.

Ijumaa saa nne akaja yule mtaalamu wa hospitali, anaitwa Shanthi, mwanamke mdogo mwenye viatu vya kukimbilia na tepu ya kupimia. Alipima mlango. Alipima njia. Alikalia kitanda, akasimama, akakalia tena. Alifungua bomba la maji ya moto. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, sikuwa na kazi pale lakini hakuna aliyenifukuza.

"Kwa kweli umefanya kazi kubwa," Shanthi akamwambia Glenda. Akatoa fomu. "Njia, sawa. Kitanda, sawa. Sasa, mtu wa karibu mwenye ufunguo?"

"Andika mimi."

"Unakaa wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Dakika kumi na mbili kwa baiskeli. Kumi, nikiamua."

Shanthi akashusha kalamu. Niliona anaumia, hakuwa mtu mbaya. "Ni tano, Glenda. Siwezi kuandika kumi. Hakuna jirani yeyote?"

 Glenda alikuwa amelijua sharti hilo wiki tatu nzima. Mwanamke aliyekaa barabarani kwenye mvua, aliyembebea mtu godoro mpaka mlangoni, hakuwa amemgongea jirani hata mmoja kuomba hili. Alikuwa anaangalia meza. Nikaona kidole chake kinakwaruza ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza nikamwona Glenda Sowerby anaogopa.

"Andika Rosalind Maltby," nikasema. "Namba kumi na moja. Mimi niko upande wa pili wa ukuta, si dakika tano, ni nusu dakika."

Shanthi akainua kalamu, amefurahi. "Vizuri sana."

"Ngoja," nikasema. "Usiandike kwanza."

Sikujua kama nitaweza kulisema mpaka nilipokuwa nalisema. Niliwaambia kwamba jioni ile Neville alipoanguka, nilimsikia. Alikuwa anagonga ukuta. Chini, karibu na sakafu. Nilikuwa naangalia kipindi changu, nikasema huyu naye na ufundi wake usioisha, nikapandisha sauti ya televisheni. Baada ya muda akagonga tena, nikapandisha tena. Kisha hakugonga. Watu waliponiuliza kama nilisikia chochote, nilisema sikusikia.

Birika likazima lenyewe. Shanthi alikuwa ameweka kalamu juu ya meza.

"Mara mbili," Glenda akasema. Alikuwa hajaniangalia. "Neville aliniambia siku ya pili hospitalini. Alisema, Ros alipandisha televisheni mara mbili."

"Ulikuwa unajua." Nikamgeukia. "Wakati wote huu ulikuwa unajua, na hukunisema?"

"Nilimuuliza nani ashike ufunguo. Akasema, Ros. Nikamwambia nitalala barabarani kabla sijamwomba yule mwanamke." Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na huruma, lakini hayakuwa na uongo pia. "Akaniambia, anasikia, Glenda. Si kwamba hasikii. Nikasema, basi ataniambia mwenyewe au hatashika."

 Kisha akaingiza mkono kwenye kola, akavuta kamba aliyovaa shingoni, akaufungua ufunguo akauweka mezani mbele yangu.

"Ukimsikia?" akauliza.

"Nitakuja."

Akamgeukia Shanthi. "Muandike."

Neville aliletwa Jumanne, saa tano asubuhi. Jioni yake sikuwasha televisheni.